Jumapili moja Shinjuku: nataka kuiona jinja ya Hanazono bila kuvunja adabu yao wala imani yangu

MwalimuTongoni

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa historia, nafundisha sekondari hapa Tanga mjini. Mungu akipenda, mwezi wa kumi nakwenda Japani wiki tatu kwa mafunzo ya ualimu. Ratiba nimeshaiona: asubuhi hadi jioni darasani, Jumamosi kutembelea shule, ila Jumapili moja tumeachiwa iwe yetu. Tunalala Shinjuku, Tokyo. Nilipofungua ramani ya simu kuutazama huo mtaa nikakuta, katikati ya maduka makubwa na vichochoro vya baa, kipande kidogo cha kijani kimeandikwa Hanazono. Nikaanza kusoma. Kumbe ni mahali pa ibada ya Kishinto, na palikuwapo tangu mji ule ukiitwa Edo.

Wenzangu wa safari wamepanga kwenda kununua simu na viatu, na nawaelewa. Mimi roho yangu iko pale.

Niwaambie kwa nini. Nimezaliwa Tongoni, kusini ya mji, ukishika barabara ya Pangani. Mnaopajua mnajua: msikiti wa kale umebaki kuta, makaburi yapata 40, nguzo nyingi zimeanguka, na mahali pengine unaona kishimo cha mviringo palipopachikwa bakuli la kigeni miaka hiyo. Bibi yangu, Mungu amrehemu, kila Shaabani ikikaribia kwisha alichukua fagio lake la chelewa akaenda kufagia majani pale makaburini. Hakuna aliyemtuma. Mimi nilimfuata na kidumu cha maji, nikikaa ukutani kuhesabu mitumbwi. Kwa hiyo mahali pa kale ninapopajua mimi ni mahali palipokwisha kunyamaza. Sijawahi kuona mahali pa ibada pa karne nyingi, katikati ya mji, ambapo mtu wa ofisini anaingia na mkoba wake saa nne asubuhi, anafanya lake, anarudi kazini. Hicho ndicho nataka kukiona kwa macho yangu.

Sasa wasiwasi wangu. Mimi ni Mwislamu na navaa hijabu. Nilipomweleza mama alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Kuona, ona. Lakini usiiname." Naomba mliowahi kufika mnieleze: mtu anaweza kuingia akatazama tu bila kushiriki ibada, na wenyewe wasione amewadharau? Anasimama wapi? Kuna kiingilio? Nasikia kuna sanamu za mbweha, nazo ni nini hasa, wanaziabudu? Na kwa Kiswahili mahali hapo mnapaitaje? Nikisema hekalu naona nakosea, nikisema mzimu ndiyo kabisa.

Chumbageni_hadi_Chiba

Waalaikum salaam, mwalimu. Umenigusa. Mimi ni mtoto wa Chumbageni, nimekaa huko miaka tisa kwenye biashara ya magari yaliyotumika, na chumba changu cha kwanza kilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kutoka Hanazono. Nilipita pale mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, nyingine saa nane usiku nikitoka kazini, maana uwanja wake haufungwi usiku.

Jina kwanza. Paite jinja, kama wenyewe. Hekalu waachie Wabudha. Ukiona lango la nguzo mbili zilizolazwa miti miwili juu, hiyo ni torii, na hapo umefika jinja. Zamani dini hizo mbili zilikaa uwanja mmoja sehemu nyingi, zikatenganishwa kwa amri ya serikali mwaka 1868, kwa hiyo usishangae Mjapani mwenyewe kwenda huku Mwaka Mpya na kule kwenye mazishi.

Kiingilio hakuna. Hanazono maana yake ni bustani ya maua. Jinja ilikuwa mahali pengine jirani, ikahamishiwa ilipo sasa katika enzi ya Kan'ei, kati ya 1624 na 1644, kwenye ardhi iliyokuwa bustani ya tawi mojawapo la ukoo wa Tokugawa, watawala wa wakati huo. Na wewe wa historia utalipenda hili: Shinjuku yenyewe ilianza mwishoni mwa karne ya 17 kama kituo cha wasafiri kwenye njia kuu ya kutoka Edo kwenda magharibi. Watu na farasi wao walilala hapo. Leo stesheni yake inapitisha karibu watu milioni tatu kwa siku, na jinja bado iko pale pale, imebanwa na maghorofa kama mtoto kwenye daladala. Ila jengo kuu usilitarajie la mbao za kale. Liliungua na kujengwa upya mara kadhaa, na la sasa ni la zege la miaka ya 1960, limepakwa rangi nyekundu ya machungwa inayong'aa. Watu wengine huvunjika moyo wakisikia zege. Mimi sikuvunjika. Kwao mahali ndipo pa kale, jengo linafanywa upya.

Kufika: ukiwa kituo cha treni za chini cha Shinjuku-sanchome, toka mlango E2, umefika. Ingia kwa upande wa barabara kubwa, usiingie kwa upande wa magharibi mara ya kwanza, maana huko unatokea moja kwa moja kwenye vichochoro vya Golden Gai, baa za kukaa watu sita sita. Ni vizuri uzione pia, lakini baadaye, ujue jinja inapakana na nini.

Sasa adabu. Kwenye torii mwenyeji anasimama kidogo, anainamisha kichwa. Wewe simama tu, tulia, ndipo upite. Kusimama peke yake kunatosha kuonyesha hukuingia kama unaingia gengeni. Ukishapita, tembea pembeni ya njia. Katikati wanasema ni njia ya kami, yaani hao wanaowaabudu. Hili watalii wengi hawalijui, na ukilifanya utaona wazee wanakutazama kwa jicho jema.

Utakuta birika la maji la mawe. Mwenyeji anachota kwa kata yenye mpini mrefu, ananawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, anasukutua kwa maji aliyoyamimina kiganjani, mwisho anaisimamisha kata maji yaliyobaki yaoshe mpini kwa ajili ya anayefuata. Mimi mara ya kwanza niliposimama pale nilikumbuka birika la udhu msikitini kwetu nikacheka peke yangu. Si kitu kimoja, najua. Lakini kushika maji kabla ya kusimama mbele ya unachokiheshimu, hilo halikunishangaza hata kidogo. Tangu korona sehemu nyingi wameondoa kata, maji yanatiririka tu.

Mbele ya jengo kuu kuna sanduku la sadaka na kamba nene iliyofungwa kengele inayolia kama njuga. Hapo ndipo ibada ilipo, mwalimu, na hapo ndipo mpaka wako. Mwenyeji anatupa sarafu, anatikisa kamba, anainama mara mbili, anapiga makofi mawili, anaomba kimya, anainama tena mara moja. Usiyefanya hayo hukuabudu, na hakuna atakayekuuliza. Simama kando, si kwenye mstari wao, mikono umeikusanya. Picha za nje piga, ndani ya ukumbi usipige, na mtu anayeomba usimpige usoni. Hijabu haina shida yoyote. Kofia ndizo wengi huvua.

Mbweha. Hanazono ni ya Inari, kami wa mpunga, na siku hizi wa biashara pia, ndiyo maana wenye maduka ya Shinjuku wanapita kila siku. Mbweha si mungu wao, ni mjumbe wake. Wako wawili wawili, na ukisogea utaona wengine wameshika kitu mdomoni: ufunguo wa ghala, au shuke la mpunga, au lulu. Shingoni wamefungwa kitambaa chekundu kama cha mtoto anayeanza kula uji. Nilipokiona nikakumbuka vitambaa tulivyokuwa tunavikuta Mapango ya Amboni, pale watu wanapoweka sadaka zao na chupa za marashi, na babu akitukemea tusiguse. Na wewe usiguse.

Ndani ya uwanja huo huo kuna kijinja cha pili, Itoku Inari, chenye torii ndogo nyekundu zimepangwa mfululizo kama kichochoro. Na kingine ni cha wasanii. Majina yao yameandikwa kwenye mbao nyekundu zilizozunguka. Usiviruke.

Ukisikia moyo haujatulia kwa sababu ya mbweha, panda treni ya mstari wa Yamanote vituo viwili hadi Harajuku, uende Meiji Jingu. Ilianzishwa 1920 kwa kumbukumbu ya mfalme Meiji na mkewe. Hakuna mbweha, kuna msitu. Miti kama 100,000 ililetwa na watu kutoka kila pembe ya nchi ikapandwa kwa mikono. Nzuri mno. Ila kwa hicho unachokitafuta wewe, mtu wa ofisini na mkoba wake, nenda Hanazono.

Abuu_Pangani

Mwalimu, nami niseme langu kwa heshima, si kumpinga ndugu wa Chumbageni.

Nimekuwa baharia, meli yetu ilitia nanga Yokohama siku nne, tukapanda treni hadi Tokyo tukiwa watatu. Wenzangu wawili waliingia jinja moja ya mjini. Mimi nilibaki nje ya lango. Sikuwa na hasira na mtu wala sikudharau kitu. Niliona tu kwamba moyo wangu ukiwa na shaka, mguu usitangulie. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara, na kwa kweli niliona mengi pale nje: mama kambeba mtoto mgongoni, anamshika mkono amfundishe kuinamisha kichwa kwenye torii. Kijana wa baa, nywele rangi ya dhahabu, kasimama kabla ya kuvuka.

Kwa hiyo ujue hata kubaki langoni ni njia. Muulize na shekhe unayemwamini kabla hujaondoka, usije ukafika kule ukaanza kubishana na nafsi yako katikati ya njia ya watu.

MzeeWaKaole

Mwanangu mwalimu, salaam kutoka Bagamoyo. Mimi huwatembeza wageni Kaole, kwenye magofu, miaka mingi sasa. Nimesoma swali lako na majibu, nikaona niseme kutoka upande wa mwenye mahali, maana ninyi nyote mmesema kama wageni.

Pale kwetu pana msikiti unaohesabiwa miongoni mwa ya kale kabisa katika bara hili la Afrika Mashariki, wa karne ya 13. Umebaki mihrabu na kuta. Kuna makaburi ambayo watu bado wanakuja kuyaombea, wanafukiza ubani, wanaweka nadhiri. Kuna kisima. Mgeni akija, mimi natazama miguu yake kabla ya uso. Yuko anayepanda juu ya kaburi ili apigwe picha nzuri. Simfokei, namwambia, "Teremka, bwana, hapo amelala mtu." Anateremka. Lakini tangu hapo maneno yangu kwake yanakuwa machache. Yale ya ndani, aliyoniambia babu yangu, simpi.

Sasa nikupe kisa. Mwaka mmoja alikuja mama wa Kijapani, mtu mzima, peke yake na dereva. Alipofika pale unapoanza kuona ukuta wa msikiti alisimama. Akasimama kitambo hata nikadhani amechoka na jua. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akaniuliza kwa ishara, je, avue viatu? Nikamwambia hapana, ni gofu. Tukatembea. Kila nikisogea nimwachie katikati ya njia, yeye anahamia pembeni, kwenye majani. Nilimwambia, mama, kuna miiba huko, pita hapa. Alitabasamu, hakupita. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, leo nimepata mgeni anayeogopa njia.

Jana usiku nimesoma maneno ya huyu kijana wa Chumbageni kwamba katikati wanamwachia mwenye mahali. Nimeketi kitandani kitambo kirefu. Yule mama hakuwa wa dini yetu, hakusali kwetu, na hakuna aliyemwonyesha la kufanya. Alikuja na adabu ya kwao akaiweka kwenye msikiti wetu. Nami siku ile nikamwona mwoga.

Basi nenda, mwanangu. Na maneno ya mama yako yashike, maana yeye hakukukataza kuona.

MwalimuTongoni

Mzee, shikamoo. Nimekusomea mama kisa chako, neno kwa neno. Amesema nikupe salamu.

Abuu, nimeongea na shekhe wetu wa mtaani. Sitaleta maneno yake hapa mkayafanya fatwa, yalikuwa ya mimi na yeye. Ila nimetulia. Nitarudi niwaeleze.

MwalimuTongoni (baada ya wiki tano)

Nimerudi jamani. Samahani kwa kimya, nilikuta mitihani inanisubiri.

Nilikwenda Hanazono ile Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, peke yangu. Usiku wake mvua ilinyesha, mawe yalikuwa bado yanang'aa. Nilisimama kwenye torii kama nilivyoelekezwa. Nyuma yangu malori ya taka yanapakia, taa za matangazo bado zinawaka ingawa kumekucha, na vijana wawili waliokesha wanashikana mabega wasianguke. Nikapiga hatua moja ndani na sauti ikapungua. Haikuisha. Ilipungua tu, kama unapofunga dirisha.

Nilitafuta mahali pangu kando, chini ya mti, nikasimama kama nusu saa. Mwenye mkoba wangu alikuja! Jumapili ile hakuwa wa ofisini, alikuwa mpishi, ana aproni nyeupe chini ya koti na mfuko wa vitunguu vya majani. Aliuweka mfuko chini kwa uangalifu, ukaanguka, akauinua akauegemeza kwenye mguu wake. Sarafu, kamba, akainama mara mbili, makofi mawili. Makofi yale, ndugu zangu, yana mlio mkavu, unasikika hadi langoni. Kisha kimya. Nilihesabu, hakumaliza hata dakika moja. Akachukua vitunguu vyake akatokea upande wa magharibi, kule kwa baa. Baada yake wakaja dada wawili, kisha mzee, kisha nafasi ikawa tupu, kisha baba na mtoto. Mikono yangu niliikusanya muda wote. Hakuna aliyenitazama vibaya, na mzee mmoja alinipa salamu ya kichwa, nikaitikia kwa kichwa vilevile, jinsi unavyomwitikia mtu njiani.

Mbweha niliwaona. Mmoja sikio limemeguka, na kitambaa chake kilikuwa kipya kabisa, nyuzi za cherehani bado zinaning'inia. Nilichokiwaza pale ni kwamba kuna mtu alikaa kwenye cherehani akakishona.

Kuna jambo Chumbageni hukunitajia: Jumapili huwa kuna mnada wa vitu vya kale uwanjani. Kadiri nilivyosimama walikuwa wanatandaza mashuka chini, wanapanga vyombo, saa mbovu, nguo za hariri zilizokunjwa. Nikakuta rundo la bakuli ndogo za bluu na nyeupe. Niliinua moja nikaigeuza, na moyo ulinipiga, maana nimeona vigae vya rangi hiyo maisha yangu yote, kwenye mchanga, maji yakikupwa. Mwenye mali alinionyesha bei kwa kikokotoo. Nikainunua, chenji nikarudishiwa pamoja na sarafu za yen 5, zile za rangi ya shaba zenye tundu katikati. Zina shuke la mpunga, mistari ya maji na gurudumu la mashine. Wao huzipenda kwa sadaka kwa sababu jina lake, go-en, linatamkwa sawa na neno la kuunganishwa na watu. Mimi sikutupa, nimezileta darasani zipite mkono kwa mkono.

Juzi niliwapeleka kidato cha pili Tongoni, na bakuli nikaibeba kwenye kitambaa. Tukaisogeza kwenye kile kishimo cha kaburi. Ni ndogo, inabaki nafasi ya kidole pande zote. Lakini watoto walinyamaza, na mnawajua kidato cha pili. Halafu mmoja akauliza kama zamani watu walikuwa wakipita hapa asubuhi wakienda kazini.

Nikamwambia ndiyo, walikuwa wakipita.

Na nimesahau: nilipokuwa natoka Hanazono palikuwa na bibi mmoja anafagia majani ya usiku. Hakuvaa sare. Alikuwa anafagia kuzunguka miguu ya watu bila kumwondoa mtu. Nilitaka kumwambia kitu na sikuwa na lugha.

Chumbageni_hadi_Chiba

Mnada nilisahau kabisa, mwalimu, nisamehe. Na hukukosea kwenda mwezi wa kumi, ila ukipata tena safari nenda wa kumi na moja, siku za Jogoo kwa kalenda yao, wakati wa Tori no Ichi. Wenye maduka wananunua reki za mianzi zilizopambwa, za kukusanyia riziki ya mwaka, na kila zikiuzwa muuzaji na mnunuzi wanapiga makofi kwa pamoja. Uwanja wote unalia.

MzeeWaKaole

Alhamdulillahi umerudi salama. Walete na Kaole hao watoto, nitawatembeza mwenyewe.

Mwanangu, huyo bibi wa majani, ufagio wake ulikuwa wa nini?

MwalimuTongoni

Wa vijiti vya mianzi, mzee, umefungwa kwenye mpini mrefu, anafagia amesimama wima. Wa bibi yangu ulikuwa mfupi. Yeye aliinama.